Homer hakuwa anapaka rangi, jamani!

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi, testi zimefuatana kama siafu na TP nayo inakaribia. Ila leo silali bila kuandika. Nina hasira. Na kwa bahati nzuri hasira ndiyo neno la kwanza kabisa la Iliad, kwa hiyo tuanzie hapo hapo.

Kuna desa linazunguka. Kurasa nne, herufi zimefifia, kila steshenari ya jirani inalo, na ukienda saa mbili usiku unakuta foleni. Ni la mada ya tendi za Kigiriki. Nalifupisha kwa maneno yangu: tendi za Homer zimejaa takriri, lakabu na tashbihi ndefu, kazi yake ni kuipamba lugha, sentensi zake si za kawaida kwa sababu mtunzi alibanwa na mizani. Halafu swali la majaribio: taja tamathali sita, toa mfano mmoja mmoja. Basi. Homer keshakwisha, fungua mada inayofuata.

Sitamtaja aliyeliandika. Shida yangu ni sisi tunaolimeza. Wengi wenu mnaosoma hapa ni walimu watarajiwa kama mimi. Miezi michache ijayo tutasimama mbele ya watoto wa kidato cha tatu na chaki mkononi, na mtoto atauliza, "Mwalimu, kwa nini anarudia-rudia?" Utamjibu nini? "Anapamba"? Mtoto atakuangalia, ataandika "anapamba", na tangu siku hiyo atajua kwamba fasihi ni maneno ya ziada yaliyobandikwa juu ya maneno yenye maana. Hivyo ndivyo watu wanavyochukishwa somo, na sisi ndio tutakaowachukisha.

Tuanze na lakabu, maana ndizo zinazochekwa sana hosteli.

Achilles anaitwa mwepesi wa miguu. Sawa, ni mkimbiaji. Lakini katika Kitabu cha 1 Achilles amesusa, amekaa kando ya meli zake, haendi vitani, haendi barazani, hafanyi lolote, na hapo hapo anaitwa mwepesi wa miguu. Meli zenyewe zinaitwa za kasi huku zimevutwa mchangani. Mbingu zinaitwa zenye nyota na ni mchana. Nguo za binti mfalme Nausicaa zinang'aa wakati ndiyo kwanza zinapelekwa kufuliwa mtoni. Mtu akisoma haraka haraka atasema huyu mzee alikuwa hafikirii.

Aliyelishughulikia jambo hili kwa makini ni kijana wa Kimarekani, Milman Parry, ambaye mwaka 1928 alitoa tasnifu yake Paris akiwa na miaka ishirini na kitu tu (wewe na mimi tunalalamikia insha ya kurasa kumi). Mstari wa Homer una mapigo sita. Kila pigo ni silabi ndefu ikifuatwa na fupi mbili, au ndefu mbili, na la mwisho lina silabi mbili. Mizani yake basi haihesabu idadi ya silabi kama sisi na zile nane za kipande cha utenzi, inapima urefu wa kila silabi. Vina hakuna. Parry akagundua kwamba Odysseus ana lakabu moja akibakiwa na nafasi fupi mwishoni mwa mstari, nyingine nafasi ikiwa ya kati, nyingine ikiwa ndefu zaidi. Achilles vivyo hivyo, miungu vivyo hivyo. Na kwa kila nafasi, kwa kawaida kila shujaa ana lakabu moja tu. Mfumo mkubwa namna hiyo, usio na mwanya wala ziada, haubuniwi na mtu mmoja mezani. Umesukwa na vizazi vya waimbaji waliotunga huku wanaimba, mbele ya watu, bila karatasi.

Parry hakuishia kwenye nadharia. Kuanzia 1933 hadi 1935 alikwenda Yugoslavia kuwarekodi waimbaji waliokuwa hai, akiwa na msaidizi wake Albert Lord. Mwaka 1935 mwimbaji mmoja asiyejua kusoma wala kuandika, Avdo Međedović, akawaimbia wimbo mmoja wa mistari zaidi ya 12,000. Odyssey nzima ina mistari kama 12,100! Kwa hiyo yule anayesema haiwezekani binadamu kutunga kitu kirefu hivyo kichwani, mjibu kwa jina hilo. Parry alifariki mwaka huo huo wa 1935, ana miaka 33. Lord ndiye aliyekuja kutoa kitabu kilichoeneza hoja hiyo, The Singer of Tales, mwaka 1960.

Hoja ya pambo imekufa hapo. Lakabu ni tofali, ndilo lililojenga ukuta wenyewe. Ukiliondoa mstari unaanguka.

Sasa, kuna kundi la pili, na hili linaniudhi zaidi kwa sababu ni la wajanja. Hao wameshamsikia Parry, wanakaa nyuma semina, wanakunja nne, wanasema: "Aaah, lakabu ni mizani tu, haina maana yoyote, Wagiriki wenyewe walikuwa hawaisikii." Jamani. Tofali kuwa tofali hakulizuii kuwa na rangi.

Chukua Kitabu cha 3. Helen amepanda ukuta wa Troy, mzee Priam anamwuliza majina ya wakuu wa Wagiriki walioko uwanjani. Helen anawataja mmoja mmoja, halafu anatafuta ndugu zake wawili, Castor na Polydeuces. Hawaoni. Anajiambia labda hawakuja, au labda wamekuja ila wanaona haya kwa ajili ya aibu yake yeye. Hapo mtunzi anaingia na kutuambia sisi, siyo Helen, kwamba wale ndugu wameshafukiwa kwao, huko Lacedaemon. Na ardhi iliyowafukia anaiita ardhi itoayo uhai.

Wasomi wamegombana sana juu ya sifa hiyo moja. John Ruskin, Mwingereza wa karne ya 19, aliona ndani yake huzuni na faraja kubwa: ardhi inabaki mama hata kwa waliokufa. Parry akaona Ruskin anajitilia yake, hiyo ni sifa ya kawaida inayokaa vizuri kwenye mizani. Mimi nasema angalia inatumika wapi kwingine. Neno hilo Homer hulitumia mara 3 tu katika tendi zote mbili, na mara zote 3 ni habari ya ardhi iliyomshika mtu chini, au itakayomshika. Halipo kwenye mashamba, halipo kwenye mavuno ambako ndiko ungelitegemea. Lipo kaburini. Sasa niambie tena kwamba walikuwa hawalisikii.

Kwa hiyo usinitake nichague kati ya pambo na mizani. Mwimbaji alirithi tofali, na aliye fundi alijua lipi aliweke wapi ili livuje damu.

Turudi kwenye zile "sentensi zisizo za kawaida". Hapa desa ndipo linaponimaliza kabisa. Si za kawaida kwa nani? Nimewauliza wenzangu wanne wanaolitetea hilo desa wamesoma tafsiri gani. Wawili hawajasoma yoyote. Mmoja kasoma ya E. V. Rieu ya mwaka 1946, ambayo ni ya nathari, mistari yenyewe haipo. Mmoja kasoma nusu ya ile ya Emily Wilson ya 2017, ambayo ni nzuri, imeshika hata idadi ya mistari ya Odyssey, lakini mwenyewe mfasiri ameeleza kwamba lakabu amezibadilisha-badilisha kwa makusudi badala ya kuzirudia. Sasa mtu anahukumu vipi mpangilio wa maneno wa Kigiriki kupitia Kiingereza cha mwaka 1946? Ni kama kuonja pilau kwa simu.

Haya, tuseme yenyewe. Iliad inaanza na neno hasira, nalo ni yambwa: limekaa mbele ya kitenzi, mbele ya mungu wa kike anayeombwa aimbe, mbele ya mwenye hasira mwenyewe. Odyssey inaanza na neno mtu, yambwa vile vile. Desa linaita hili "ugeuzaji wa muundo". Nenda sokoni umsikilize mama yeyote: "Nyanya nishanunua, vitunguu bado." Kageuza muundo? Kaweka mbele kile kinachozungumzwa. Kigiriki kina miishio ya maneno inayoonyesha nani mtenda na nani mtendwa, kwa hiyo neno linaweza kukaa popote bila kupotea, kama sisi tunavyoweza kwa sababu ya viambishi vyetu. Kuliweka mbele ni kulikabidhi uzito. Mtu mzima anayeongea Kiswahili tangu azaliwe anashangaa hilo kwa sababu tu sarufi aliyoikariri ni ya Kiingereza.

Tena angalia mstari unaofuata. Ule wa kwanza ungeweza kuishia pale, sentensi imekamilika, mwimbaji angepumua. Halafu mstari wa pili unaanza na kivumishi kimoja kinachoirudia hasira ile na kuiita angamizi. Kimeongezwa baada ya kila kitu kuonekana kimekwisha. Homer hufanya hivi mamia ya mara: sentensi inatua, kisha inajinyanyua na kuongeza neno. Sisi tunaita mishata na tunapita. Lakini huu ndio mwendo wa mtu anayetunga huku anaongea. Anakupa jambo zima kwanza usipotee, halafu anarudi kulikandamiza. Bibi yangu anasimulia hivyo hivyo: "Akaondoka. Usiku. Peke yake." Hajawahi kuambiwa sentensi zake si za kawaida.

Ile ya kutenganisha kiambishi na kitenzi naipitia haraka. Wanasarufi wa baadaye waliiita tmesis, maana yake ukataji, wakidhani mshairi alichukua kitenzi kizima akakikata na kuchomeka maneno katikati. Ukweli ni kwamba katika Kigiriki cha zamani zaidi hivyo vipande vilikuwa bado maneno yanayojitegemea, vikaja kugandana na vitenzi baadaye. Hakuna aliyekata. Ni sawa na kuwakuta kijana na binti hawajaoana bado, ukatangaza kwamba wameachana.

Ile inayoitwa hysteron proteron, ya mwisho kutangulia, nayo haina sifa ya kuitwa vurugu. Ilijulikana tangu kale kuwa ni tabia ya Homer, hata Cicero katika barua yake kwa rafiki yake Atticus mwaka 61 K.K. anasema atamjibu kwa mtindo huo, wa Homer, la mwisho kwanza. Mfano wake bora uko katika Kitabu cha 11 cha Odyssey. Odysseus amefika kwa wafu, anakutana na mama yake, ambaye alimwacha hai. Anamwuliza kwa mkupuo: nini kilikuua, baba yangu na mwanangu vipi, hadhi yangu ina nani, na mke wangu je? Mama anaanzia mwisho. Mke yupo, anakungoja analia. Hadhi yako haijachukuliwa, mwanao yupo. Baba yako amezeeka vibaya shambani. Na swali la kwanza analijibu mwisho kabisa: hakuna ugonjwa, aliuawa na kumkosa yeye, mwanawe.

Sasa panga majibu kwa utaratibu wa desa, la kwanza kwanza. Mama anasema alikufa kwa kumlilia mwanawe, halafu anaendelea kutoa taarifa za shamba na mifugo. Umeua kila kitu! Kufuata mpangilio wa kinyume kunafanya mambo mawili kwa pamoja: sikio linashika swali la karibuni, na kidonda kikubwa kinabaki cha mwisho. Kama unabisha, mpigie mama yako simu leo, muulize maswali manne kwa pumzi moja, uone ataanza na lipi.

Kitabu cha 9 cha Iliad ndicho ningekifundisha kama ningepewa kipindi kimoja tu cha kuueleza utendi huu wote.

Wagiriki wanapigwa. Agamemnon, aliyemnyang'anya Achilles mwanamke wake Briseis, amenyoosha mikono. Anataja orodha ndefu ya zawadi atakazompa Achilles akirudi vitani: dhahabu, farasi, wanawake, miji, hadi binti yake wa kuoa. Kisha anamalizia kwa maneno ya kibabe, kwamba Achilles akubali kuwa chini yake kwa kuwa yeye ni mfalme zaidi na ni mkubwa kwa umri. Odysseus anatumwa. Anafika, anakula, anasema. Na anairudia orodha yote karibu neno kwa neno.

Hapa ndipo msomaji wa desa anaporuka. "Ameshasema hayo." Anaandika pembeni: takriri. Naye akiruka ndiyo amekosa jambo zima, kwa sababu Odysseus anairudia orodha yote isipokuwa ule mwisho wa kibabe. Ameukata. Mahali pake ameweka ombi la huruma kwa wenzao wanaokufa. Msikilizaji aliyesikia orodha ile dakika chache zilizopita, neno kwa neno, anajua hasa ilipaswa kuishia wapi, na anasikia lile pengo. Bila takriri pengo halipo! Naye Achilles, ambaye hakuwepo wakati Agamemnon anasema, anafungua jibu lake kwa kutangaza anavyomchukia mtu mwenye jambo moja moyoni na jingine mdomoni. Nywele zinasimama kila nikifika hapo. Sasa hiyo nayo ni rangi ya ukuta?

Na hicho kitabu kina jambo jingine, la kisarufi kabisa. Wajumbe wanaotumwa ni watatu: Phoenix, Ajax na Odysseus, pamoja na watangazaji wawili. Lakini wanapotembea ufukweni kwenda kwa Achilles, vitenzi viko katika uwili. Waliosoma Kiarabu madrasa wanaijua muthanna. Kigiriki cha Homer kinayo pia, umbo la watu wawili tu, siyo umoja wala wingi. Wawili walikwenda. Wawili gani? Tangu zamani watu wanavunjana vichwa. Wengine wanasema Phoenix aliongezwa baadaye kwenye hadithi iliyokuwa na wajumbe wawili na mtunzi akasahau kurekebisha. Wengine wanasema wanahesabiwa watangazaji. Wengine wanasema ni makundi mawili.

Msimamo wangu upo pamoja na wale wanaoturudisha Kitabu cha 1. Pale nako watangazaji wawili walitembea ufukweni, shingo upande, kwenda kwenye kibanda cha Achilles kumchukua Briseis. Vitenzi vya uwili, ufukwe ule ule, kibanda kile kile. Sasa watu wanapita njia ile kwenda kuomba radhi, na sarufi inatembea na nyayo za wale wa kwanza. Inawezekana ni mabaki ya toleo la zamani, sikatai. Lakini mabaki yale yamekaa mahali ambapo yanauma, na sikio lililosikia Kitabu cha 1 halikuhitaji mwanasarufi kulieleza. Desa linasema nini kuhusu hili? Halisemi. Uwili haumo kwenye orodha ya tamathali sita.

Kanuni ile ile ya takriri inaendesha matukio ya kuvaa silaha. Yapo manne makubwa: Paris Kitabu cha 3, Agamemnon cha 11, Patroclus cha 16, Achilles cha 19. Mpangilio ni mmoja, kinga za miguu, dirii, upanga, ngao, kofia, mkuki. Patroclus anavaa silaha za rafiki yake Achilles ili aende vitani badala yake, na kila kitu kinafuata utaratibu hadi mwisho. Mkuki mzito wa Achilles anauacha, kwa sababu hakuna mwingine anayeuweza. Basi. Mtunzi haongezi "maskini". Umeshasikia shujaa anavyovaa, unajua nini kimekosekana, unajua huyu kijana harudi.

Tena kwa Patroclus huyu huyu mtunzi anafanya kitu ambacho sisi tunakiita ritifaa: anaacha kusimulia na kumsemesha mwenyewe, "wewe Patroclus". Mara 8 katika Kitabu cha 16, ikiwemo pale mwisho wa maisha yake unapojitokeza. Wajanja wa mizani wanasema ni kwa sababu jina lake linakaa vizuri likiwa la wito. Sawa. Lakini katika Odyssey anayesemeshwa hivyo ni Eumaeus, mchunga nguruwe, mara 15. Menelaus naye anasemeshwa. Agamemnon, mfalme wa wafalme? Hata mara moja. Mizani gani hiyo inayowapenda watu wapole na kumpita bosi?

Tashbihi nitazungumzia moja tu, maana hii ndiyo ningependa mtoto wa kidato cha tatu aondoke nayo. Odyssey Kitabu cha 8: Odysseus yuko ugenini, mwimbaji kipofu anaimba jinsi Troy ilivyotekwa, na kwamba Odysseus ndiye aliyewaongoza waliojificha ndani ya farasi wa mti. Odysseus analia. Analiaje? Kama mwanamke aliyeangukia mwili wa mumewe aliyeuawa akiutetea mji wake, huku askari wa adui wanampiga kwa mikuki mgongoni wampeleke utumwani. Yaani mtekaji wa mji analia kama mjane wa mji uliotekwa. Kama mmoja wa wale aliowafanya wajane yeye mwenyewe. Hakuna hata mhusika mmoja ukumbini pale anayesema neno hilo la kutisha, limesemwa na tashbihi peke yake. Ing'oe kama pambo na umeng'oa dhamira ya utendi.

Kuna mwenzetu kwenye semina iliyopita alisema tusijichoshe, hayo ni mambo ya Ugiriki, sisi Waafrika hatuna tendi za aina hiyo. Dada, hebu tulia kidogo. Ni kweli mwaka 1970 Ruth Finnegan aliandika kwamba utendi ni nadra mno Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 1979 Isidore Okpewho akajibu kwa kitabu kizima, na profesa wetu wa hapa nchini, M. M. Mulokozi, akatoa cha kwake mwaka 2002 juu ya mgogoro huo huo, yeye ambaye amezitafiti tendi za enanga za Buhaya. Na ugomvi wote ulitokana na ugonjwa ule ule wa desa: kuchukua rula ya kitu kilichoandikwa na kukipima nayo kitu kilichoimbwa, kisha kukilaumu kwa kutolingana. Homer mwenyewe angefeli kwa rula hiyo. Anarudia, anaongeza baada ya nukta, anajibu kinyumenyume, anachanganya lahaja za Kiionia na Kieolia katika lugha ambayo hakuna mtaa wa Ugiriki ulioizungumza (kama watunzi wetu wanavyochomeka Kiamu wakitafuta mizani). Mpe desa lile amsahihishie, atapata sapu.

Najua mtaniambia UE inauliza "taja sita". Taja basi, hakuna aliyekukataza, marks ni marks na bumu halingoji mwenye kudisko. Lakini ukishataja lakabu andika sentensi moja ya kusema Helen alikuwa anamtafuta nani pale ukutani. Ukishataja takriri andika Odysseus alikata nini. Haizidi mistari miwili kila moja, na msahihishaji aliyechoka kusoma "inapamba lugha" kwenye vitabu mia mbili atakushukuru.

Semina ni Alhamisi saa nane mchana, chumba kile kile chenye feni mbovu. Nitakuwa mbele. Ninazo kopi za Kitabu cha 9 kizima, nimetoa 15 kwa hela yangu, wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kupata. Anayelitetea desa aje nalo, na aje tayari kunionyesha ni ukurasa upi kati ya ile minne unaosema wale wawili ufukweni ni akina nani.